Kusudi la Shule katika Nchi ya Unyamwezi

Mwalimu aliyepata kuandikisha watoto wa darasa la 1 katika vijiji vyetu hulijua swali la wazazi: "Akimaliza hapa, atakwenda wapi?" Watawala nao, kila walipotunga shauri jipya la elimu, waliuliza swali lao: "Akimaliza hapa, atafaa nini kwao?" Maswali haya mawili yamekaa pamoja katika nchi ya Unyamwezi kwa zaidi ya miaka 100, wala hayajapata jibu moja. Katika makala hii nakusudia kueleza jinsi yalivyokutana, tangu siku za misafara hata sera ya elimu tuliyo nayo sasa, ili sisi tunaofundisha tujue tumesimama wapi.

Mahali ninapopatazama ni Ipole, kusini ya Sikonge, kwenye barabara itokayo Tabora kwenda Rungwa na Mbeya. Ni nchi ya miombo, ya mizinga ya nyuki, na siku hizi ya tumbaku. Wakaao humo ni Wanyamwezi na Wakimbu, pamoja na Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao. Si mji mkubwa, wala hapakutajwa katika vitabu vya sera. Nimepachagua kwa sababu hiyo hiyo, kwani sera huandikwa kwa nchi nzima lakini hupimwa mahali kama hapa.

I. Maneno tuliyoyarithi

Yafaa kuanza kwa maneno, maana lugha hutunza mambo ambayo watu wamekwisha kuyasahau. Hapo kale neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu. Kisha likawa jina la mahali pa kusomea Kurani. Neno shule tulilipata kwa Wajerumani. Unguja, ambako Wajerumani hawakutawala, watu husema skuli, kwa kuwafuata Waingereza. Neno elimu ni la Kiarabu, na asili yake ni kujua. Hata neno sera, ambalo leo tunalisikia kila siku, si la zamani katika kazi hii. Wazee wetu walisema siasa, mathalani siasa ya elimu au siasa ya kilimo.

Kuna maneno mawili mengine yapasayo kuangaliwa. Kiranja tunamjua kuwa mkubwa wa wanafunzi shuleni. Pwani, kiranja alikuwa kijana aliyewatangulia wenzake jandoni. Mnyampara naye, katika misafara ya Wanyamwezi, alikuwa mzee wa kikundi cha wapagazi, mtu wa heshima, mlinzi wa haki zao. Leo mnyapara ni msimamizi wa kazi, na aghalabu kazi ya kushurutishwa. Neno la kwanza limebaki katika malezi. La pili limeangukia katika shuruti. Nawaomba wasomaji wayaweke maneno haya moyoni, kwani yatatufaa mbele.

II. Safari ya pwani

Wanyamwezi hawakuwa na jando kama la watu wa pwani. Mtoto wa kike alifundwa na mama yake, bibi zake na shangazi zake. Mtoto wa kiume alifundwa shambani, porini, na katika iwanza, yaani nyumba ya mkutano ya kijiji, ambayo Burton aliiona na kuieleza alipopita mwaka 1857. Humo kijana alisikia hadithi, mashauri na hukumu za wazee, na kujifunza wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza.

Katika karne ya 19, biashara ya pembe ilipokua, malezi hayo yalipata sehemu ya pili. Alfred Swann, mmisionari aliyefika pande hizi katika miaka ya 1880, aliandika kwamba kijana wa Kinyamwezi hakuruhusiwa kuoa kabla hajachukua mzigo wa pembe hata pwani na kurudi na mzigo wa nguo au wa waya. Twaweza kusema, basi, kwamba safari ndiyo iliyokuwa jando lake.

Tuangalie safari hiyo ilifundisha nini. Kutoka Tabora hata Bagamoyo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 800. Burton na Speke, walipokuja kutoka pwani, walitumia zaidi ya miezi 4. Mpagazi alijifunza kuhesabu siku na posho, kumfuata kirangozi, kukaa kambini na watu wa makabila mengine, kusema Kiswahili, kupatana ujira, na kutua mzigo chini pamoja na wenzake kama mapatano hayakutimizwa. Tusiipambe mno safari hiyo. Njia ile ile ilipitisha watumwa, na wapagazi wengi walikufa kwa ndui, njaa na vita. Lakini katika fikira za watu jambo moja lilikaa imara, nalo ni kwamba kijana alikwenda ili arudi. Asiyekwenda kabisa alichekwa. Aliyekwenda asirudi alililiwa. Aliyerudi na mzigo wake ndiye aliyehesabiwa kuwa mtu mzima. Wahenga walinena, "Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota."

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya wapagazi wa masafa marefu ilikwisha. Shauku ya kusafiri haikwisha. Vijana wengi wa Unyamwezi walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, na wengine wakaanza kuona njia mpya isiyohitaji mzigo begani, yaani njia ya shule.

III. Shule ya misheni

Wamisionari wa London walifika Urambo mwaka 1879, wakapokewa na Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Mwaka 1898 Wamoravian walipokea kazi ya Urambo, na katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 wakafungua vituo vya Kitunda, Sikonge, Ipole na Usoke. Mapadre Weupe nao walikuwa na kazi yao Tabora na kandokando yake. Kila kituo kilikuwa na kanisa, na karibu na kanisa palikuwa na darasa.

Kusudi la darasa hilo lilikuwa wazi. Mtu afundishwe kusoma ili asome Neno la Mungu mwenyewe. Ndiyo sababu katika vituo vingi neno msomaji lilikuwa jina la mtu anayefundishwa imani. Lakini Wamoravian walikuwa na urithi mwingine, ambao nadhani haukukumbukwa sana. Askofu wao Comenius, aliyezaliwa Moravia mwaka 1592 na kufariki Amsterdam mwaka 1670, alifundisha kwamba watu wote wafundishwe mambo yote, wavulana kwa wasichana, matajiri kwa maskini, kwani wote wameumbwa kwa mfano wa Mungu. Alisema hayo wakati ambapo Ulaya yenyewe iliona shule kuwa mali ya wachache. Kama fundisho hilo lingeandikwa juu ya mlango wa kila shule ya porini, historia ninayoieleza ingekuwa na kipimo tangu mwanzo.

Watu waliokuja darasani walikuwa na makusudi yao pia. Wengine walivutwa na Injili, na wengi walikaa nayo kwa uaminifu. Wengine waliona kwamba mwenye kujua barua hudanganywa kwa shida, na kwamba karani hula mshahara. Hatuna haja ya kuwalaumu. Mtume Paulo alikuwa mshona hema, wala Injili yake haikupungua kwa hilo.

Vita Kuu ya Kwanza ilivunja kazi. Mwaka 1916 Wabelgiji waliingia Tabora, na wamisionari Wajerumani waliondolewa. Katika miaka hiyo walimu na wazee wenyeji ndio walioshika makanisa na madarasa, mpaka baadaye ndugu kutoka Denmark walipokuja kuendeleza kazi ya Wamoravian Unyamwezi. Hilo lilikuwa jibu moja la swali la wazazi. Waliokwenda kusoma walirudi, na waliporudi waliweza kusimama wenyewe.

IV. Shauri la 1925

Wajerumani walipofungua shule ya serikali Tanga katika miaka ya 1890, walitaka makarani, wakalimani, maakida na walimu. Kusudi lao halikufichwa: shule ilikuwa kiwanda cha watumishi wa dola. Pamoja na hayo waliacha Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi, nacho kilitufaa sisi kuliko walivyotazamia.

Waingereza walipoitawala Tanganyika, walitaka kulifikiri jambo hili upya. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilitembea Afrika ya Mashariki, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones. Pamoja naye alikuwa Dakta Aggrey, Mwafrika kutoka Ghana ya leo. Tume ilisifu shule za Hampton na Tuskegee, ambako Wamarekani Weusi walifundishwa kilimo na kazi za mikono. Mwaka 1925 Serikali ya Uingereza ilitoa waraka wa elimu kwa makoloni yake ya Afrika: elimu ilingane na hali, kazi na mila za watu; mema ya kale yahifadhiwe; tabia na dini viwe msingi; misheni zisaidiwe kwa ruzuku na kukaguliwa. Oktoba mwaka huo Gavana Cameron aliwaita wamisionari Dar es Salaam kushauriana, na mwaka 1927 ikapitishwa sheria ya elimu ya Waafrika.

Maneno ya waraka ule yasikika kuwa mema, na mengi yalikuwa mema. Nani atakataa kwamba mtoto wa mfuga nyuki ajue nyuki? Walakini Marekani kwenyewe W. E. B. Du Bois, msomi Mweusi, alikuwa akionya kwamba elimu ya mikono pekee yaweza kuwa njia ya kumweka mtu chini daima. Tukitaka kujua nani alisema kweli, tusitazame maneno ya waraka tu. Tuangalie ni shule ipi alipewa nani.

Katika miaka hiyo ya 1920, Tabora ilipata shule ya serikali kwa ajili ya wana wa watemi. Kusudi lilikuwa kuwatayarisha kutawala chini ya Waingereza, maana Cameron alitaka nchi itawaliwe kwa njia ya watemi wake. Humo kulikuwa na Kiingereza na mazoezi ya uongozi. Shule ya porini, kwa upande wake, ilikuwa na mwalimu mmoja, ubao mmoja na kitabu kimoja, na kama mwalimu hakuwa na cheti, haikupata ruzuku. Shule hizo mbili zilihesabiwa kuwa chini ya shauri moja la "elimu ilingane na hali ya watu". Hali ya mmoja ilikuwa utemi; hali ya mwingine ilikuwa jembe. Watoto wa kike walifuata nyuma ya wote wawili.

Lakini shule haitii waraka siku zote. Miaka ilipopita, shule ya Tabora iliwapokea pia vijana wasiokuwa wa watemi, kwa kadiri ya akili zao. Mwaka 1937 alifika Julius Nyerere, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, akakaa hata 1942. Alipotoka Makerere alirudi Tabora kufundisha katika shule ya misheni ya Mtakatifu Maria, tangu 1946 hata 1949. Shule iliyoanzishwa ili utawala wa kigeni upate wasaidizi ikasaidia kumlea aliyeuondoa.

Katika miaka ya 1950 serikali ilijaribu tena, ikaelekeza shule za kati kwenye kilimo. Wazazi na wanafunzi wengi hawakupenda, na kabla ya uhuru mpango huo uliachwa. Wakubwa walisema kwamba Mwafrika hapendi kazi ya mikono. Neno hilo si kweli. Mnyamwezi aliyepeleka pembe pwani hakuogopa kazi. Aliona kwamba watoto wa Wazungu na wa Wahindi, katika shule zao, hawakupewa jembe.

V. Kujitegemea

Tangu Januari 1962 shule zilizogawanywa kwa rangi ziliunganishwa kuwa mfumo mmoja. Hapo swali la kusudi likarudi kwetu wenyewe. Mwaka 1961 watoto 490,000 walikuwa katika shule za msingi za Tanganyika, na wengi wao waliishia darasa la 4. Mwaka 1967 walikuwa 825,000. Lakini waliopata nafasi ya sekondari walikuwa kama 13 tu katika kila 100 waliomaliza. Mwezi Machi 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Alieleza makosa manne ya shule tulizorithi: zilikuwa za wachache waliotangulizwa, zilimtenga mtoto na jamii yake, zilimfanya aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni na kwa wasomi, na ziliwaondoa vijana wenye nguvu katika kazi ya uzalishaji. Kwa hiyo akaagiza kwamba elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe ngazi tu ya kupandia sekondari, na kwamba kila shule iwe na shamba au karakana yake.

Msomaji ataona kwamba jembe la 1925 limerudi. Tofauti iko wapi? Iko katika nia, nayo ni kubwa. Waraka wa 1925 ulitaka kila mtu alingane na mahali pake. Andiko la 1967 lilitaka mahali penyewe pabadilike, na wote, wa shule ya msingi na wa chuo kikuu, wachafue mikono yao pamoja. Mwaka 1969 shule za misheni zilizopata ruzuku zilitwaliwa na serikali, zisichague watoto kwa dini. Mwaka 1974, kwa Azimio la Musoma, iliamriwa kwamba watoto wote waingie shule ya msingi ifikapo 1977, badala ya 1989 kama ilivyopangwa kwanza. Watu wazima nao walifundishwa. Mwaka 1967 waliojua kusoma na kuandika walikuwa kama 1 katika 3, na mwaka 1977 serikali ilihesabu 73 katika 100. Hapo Tanzania ilikuwa imemkaribia Comenius kuliko nchi nyingi tajiri.

Nini basi kilichopungua? Walimu walikuwa haba, na wengi waliandaliwa kwa haraka. Fedha zilikwisha, na ada iliyofutwa mwaka 1973 ikarudi kwa sura ya michango katika miaka ya 1980, isiondolewe tena mpaka 2001. Katika shule nyingi shamba lililokusudiwa kuwa darasa likawa adhabu: aliyechelewa alilima, aliyekosa hesabu alilima. Mtoto aliyelimishwa kwa kosa hawezi kuamini kwamba kilimo ni heshima. Ndivyo kiranja alivyogeuka kuwa mnyapara.

VI. Amali

Sera ya 1995 ilifungua mlango kwa shule za watu binafsi, na ile ya 2014 ilitaka elimu ya msingi iendelee hata kidato cha 4. Tangu 2016 ada ya shule za serikali iliondolewa hata kidato hicho, na tangu 2022 hata kidato cha 6. Sera ya 2014 toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025, inasema elimu ya lazima itakuwa ya miaka 10, yaani msingi 6 na sekondari 4. Katika sekondari pana mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa mafunzo ya amali, kama kilimo, ufugaji, useremala, uashi na ushonaji.

Amali ni neno zuri na la kale. Kwa Kiarabu ni kazi, ni tendo. Na dini zote mbili za nchi yetu zafundisha kwamba imani pasipo matendo haifai. Kwa kijana wa Ipole lina maana ya karibu sana. Msitu unaomzunguka watoa asali na nta. Tabora pana chuo cha ufugaji nyuki. Kijana ajuaye nyuki kwa desturi ya babu yake, akaongezewa sayansi ya nyuki, hesabu ya biashara na lugha ya kuandikia wanunuzi wa mbali, huyo hakufungwa kijijini. Amepewa mzigo wa kupeleka pwani.

Lakini mikondo miwili ni jambo ambalo nchi hii imeliona. Ikiwa mkondo wa jumla utakuwa wa watoto wa mjini, na wa amali wa watoto wa porini. Ikiwa karakana itakosa vyombo na mwalimu wake atakosa ufundi. Ikiwa mwanafunzi wa amali hataweza kupanda hata chuo kikuu kama mwenzake. Basi tutakuwa tumejenga tena shule ya watemi na shule ya porini, safari hii kwa mikono yetu. Wazazi watajua mapema kuliko wakaguzi. Wataiona shule hiyo kuwa mahali pa kuwaweka walioshindwa, na watawaacha watoto waende kwenye tumbaku, ambako katika msimu mikono yao midogo hutakiwa sana.

VII. Yatupasayo

Twafundishwa nini na historia hii? Kila serikali iliyotutawala, ya kigeni na ya kwetu, ilitaka shule imfae mtoto kwa maisha ya mahali pake. Wazo lenyewe si baya. Limekuwa baya kila lilipotumiwa kwa baadhi ya watoto tu, na limekuwa jema kila lilipowahusu wote kwa kipimo kimoja.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu, na wachungaji na mapadre walio wakuu wa shule za makanisa yetu, tufanye mambo matatu. La kwanza, jembe lisiwe adhabu katika shule yoyote tunayoisimamia. La pili, tunapomshauri mzazi juu ya amali, tumshauri kama ambavyo tungemshauri ndugu yetu; na kama hatuwezi kumpeleka mtoto wetu katika mkondo huo, tuseme wazi una upungufu gani, ili urekebishwe. La tatu, tuwaulize waliomaliza, miaka 5 baadaye, wamekwenda wapi na wamerudi na nini. Wazee wa Unyamwezi hawakumpima kijana kwa siku aliyoondoka. Walimngoja njiani, wakatazama amebeba nini, na wakauliza kama wenzake wote wamefika.